Spea ikifa inakufa na nani

Kile kipande cha silikoni bado ninacho. Nimekiweka kwenye kiboksi cha kiberiti, cha buluu, ukubwa wa harage moja hivi, ukikibonyeza kinabonyea kama ufizi. Vilikuwa vingi, hiki ndio kikubwa kuliko wenzake, tulivikuta siku tulipopasua injini ya Subaru yangu iliyokufa, vimeng'ang'ania kwenye chujio la ule mrija unaonyonya oili chini kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Fundi wangu, mzee mmoja wa Mwananyamala ambaye alianza kufungua Subaru mimi bado sijajua hata baiskeli, alikichokonoa na bisibisi akakiweka kwenye kiganja changu akasema "haya mdogo wangu, muuaji wako huyo hapo".

Kuna mtu kabla yangu alishusha sampu, sijui alikuwa anatafuta nini, wakati wa kurudisha akapaka gundi ya gasketi kama anapaka siagi kwenye mkate. Ile inayominyika kwa nje unaiona unaifuta na tambara, inayominyika kwa ndani huioni, inakauka, inakatika vipande, oili inavibeba mpaka kwenye chujio na pale vinakaa vinasubiri wenzao. Siku vikitosha, injini inanyonya hewa.

Siku yangu ilikuwa Jumapili natoka Bagamoyo. Nimefika Tegeta kwenye foleni, gari ipo sailensa, yaani imewaka bila kukanyagwa mafuta, taa ya oili ikawaka ikazima. Ikawaka tena. Nikasema hiyo sensa hiyo, maana kila mtu mwenye gari ya zamani anajua sensa ndio zinazosingiziwa kwanza. Nikapima oili na stiki, ipo mpaka juu, nikaondoka zangu kwa amani kabisa. Sikujua kwamba ile taa imewekwa iwake presha ikishakaribia kuisha, yaani haikuonyi kwamba mvua inakuja, inakuambia umeshalowa. Jumanne asubuhi nikawasha, nikasikia ko-ko-ko-ko kwa chini, inaongezeka nikikanyaga mafuta. Nikazima. Nikaita breki dauni, gari la kuvuta. Injini imenoki, imekufa kwa ndani.

Gari yenyewe ni Impreza WRX ya 2001, hizi za macho ya duara, gia za mkono, imekuja na EJ205, lita mbili yenye turbo, silinda nne zimelala mbili kushoto mbili kulia. Ilipotoka kiwandani Japan ilikuwa na farasi 250. Kwa sasa nadhani wengine walishatoroka zizini, lakini bado inaruka. Msiniulize kwa nini nimenunua gari ya miaka hiyo wakati kwa hela ile ile ningepata Toyota IST na amani ya moyo. Mimi nimekua nikisikia Safari Rally ya Kenya redioni, mwaka 1997 alishinda McRae na Impreza, mwaka 2000 akashinda Burns na Impreza, na ule mngurumo wake wa du-du-du-du nilikuwa nauigiza kwa mdomo nikiendesha tairi la baiskeli mtaani. Baadaye sana nimekuja kujua mngurumo wenyewe unatokana na mabomba ya ekzosi manifoldi kutolingana urefu, yaani ni kasoro fulani hivi ambayo watu wameipenda. Sio siri, na mimi ni mmoja wao.

Sasa injini ipo chini, imepasuliwa, na mimi nina hela za kutosha nusu ya kila kitu. Hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipoanzia.

Wazo la kwanza la kila mtu ni "tafuta injini ya mtumba, funga, maliza". Hata mimi nilikwenda Ilala siku mbili nzima. Injini zipo, zimekaa chini kwenye oili nyeusi zimefungwa kamba za ngozi za tairi, nyingine zimekuja na kontena kutoka Japan moja kwa moja, nyingine zimepitia Sharjah kule Uarabuni kwa wale jamaa wa magari ya kukata. Muuzaji ananiambia "boss EJ20 ni EJ20 tu, funga hii utanishukuru". Na hapo ndipo penye uongo mtamu. EJ20 ni ukoo mzima, baba mmoja mama mbalimbali. Kuna ile ya Forester ya kawaida isiyo na turbo, kamshafti (shafti inayofungua valvu) moja kila upande. Kuna za Legacy zenye turbo mbili, EJ206 na EJ208, huko mabomba ya vakyumu yamejaa kama tambi. Kuna EJ207 za STI, ile Impreza kali kuliko WRX. Kuna EJ20X na EJ20Y za Legacy GT za kuanzia 2003. Zote lita mbili, pistoni ya milimita 92 na safari ya milimita 75, zote ukiziangalia kwa mbali zinafanana, na ukichanganya kimoja cha huyu na kimoja cha yule unaweza kufunga vizuri tu ukaja kulia baadaye.

Nilipata moja inayonihusu kweli, EJ205. Fundi akaja na taa yake ya kichwani. Akaweka spana kwenye boliti ya puli ya kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, akazungusha polepole, inazunguka. Akatoa kifuniko cha kujazia oili akaingiza kidole, akanionyesha: utando mweusi mzito kama masizi ya sufuria ya kuni. Akamuuliza jamaa kama anaweza kushusha sampu tuangalie. Jamaa akacheka. "Mzee hapa tunauza injini, hatuuzi supu, huwezi kuonja." Ukinunua unapewa siku chache za kujaribu, ukirudi nayo unapewa nyingine ya hali ile ile, na gharama za kushusha na kupandisha ni zako. Fundi akaniambia barabarani tukirudi: hii unanunua injini ambayo hujui imekufa lini, yako angalau tunajua imekufa na nini.

Nikamuelewa. Tukaamua tunajenga yangu.

Na hapo akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Nilimwendea na daftari, nimeandika spea zote, pembeni nimeweka safu tatu, jenyuini, kampuni nyingine, na mtumba, nataka anitikie wapi ninunue nini. Hakuangalia hata safu zangu. Akasema "usiniulize orijino au feki. Niulize hii spea ikifa inakufa na nani".

Yaani kuna spea zinakufa peke yake. Altaneta ikifa unasukuma gari, unanunua nyingine, maisha yanaendelea. Pampu ya pawastelingi ikifa unapata misuli. Hizo nunua mtumba bana, nunua Mchina, nunua unachoweza. Lakini kuna spea zikifa zinaondoka na ukoo wote. Taiming belti, mkanda unaozungusha kamshafti, ikikatika kwenye hii injini valvu zinakutana na pistoni, hedi mbili zimekwenda. Oili pampu ikichoka, kranki imekwenda, konrodi (mikono inayoshika pistoni na kranki) zimekwenda, turbo imekwenda. Tukachana lile daftari tukaandika upya, safu mbili tu: zinazokufa peke yake, na zinazokufa na watu.

Kabla sijaendelea, kitu kimoja kuhusu kutafuta namba, maana hapa ndipo watu wengi tunapigwa bila hata kuibiwa. Ukifungua boneti ya hizi Impreza kuna kibati cha alumini chenye modeli kamili. GDA ni WRX, GDB ni STI, alafu inafuata herufi ya toleo, A, B, C mpaka G, karibu kila mwaka walibadilisha herufi na ndani yake wakabadilisha vitu bila kumwambia mtu. Yangu ni B. Namba nyingi za spea za Subaru zinakuja tarakimu tano, AA, kisha tarakimu tatu. Zile tano za mbele zinakuambia ni kitu gani, 11044 ni gasketi ya silinda hedi, 15010 oili pampu, 13028 taiming belti, 21111 wota pampu. Zile tatu za nyuma ndio zinakuambia ni ya nani. Muuzaji anayekuonyesha tano za mbele zinafanana na kusema "si hiyo hiyo" amekuambia tu kwamba hii ni oili pampu, asante, hata mimi naona.

Mimi mwenyewe niliponea chupuchupu. Nilikuwa nimeshajaza kikapu kwenye tovuti ya Marekani, bei nzuri, nimeandika EJ205, mwaka 2002, WRX, vimekuja vitu vyote vya juu ya hedi na puli za kamshafti. Rafiki yangu mmoja wa Nairobi, ambaye anashinda Grogan, kule kwenye maduka yao ya spea, kama ana kiti chake pale, akanipigia simu usiku ule ule, "wewe usilipe, hiyo si yako". Kumbe WRX waliyouziwa Wamarekani miaka hiyo ilikuwa na farasi 227 na haina AVCS, ule mfumo unaozungusha kamshafti ya kuingiza hewa kwa presha ya oili. Yangu ya Japan inayo. Jina la injini moja, herufi kwa herufi, lakini puli tofauti, njia za oili tofauti. Tangu siku hiyo kila kitu natafuta kwa namba ya fremu kwenye katalogi ya Japan, nikipata namba ndio naangalia nani anauza.

Haya, safu ya wanaokufa na watu.

Kranki yangu ilikuwa imechanika kwenye konrodi ya silinda namba tatu, ukipitisha ukucha unakwama. Ingewezekana kuipeleka kwa watu wa leti wachonge na kuweka beringi nene zaidi, za robo milimita zipo. Fundi hakutaka, alisema kuchonga kranki ni kazi ya mtu mwenye mashine nzima na subira nzima na yeye anamjua mmoja tu na ameshazeeka. Tukapata kranki na konrodi kutoka kwenye Forester ya turbo iliyogongwa nyuma, hizi za SG zenye EJ205 pia, na tofauti na ile injini ya Ilala hii tuliifungua wenyewe mbele ya mwenye gari. Tukapima kwa maikromita kila shingo pande mbili. Kranki ya mtumba, ndiyo, ipo kwenye safu ya wanaokufa na watu na nimenunua mtumba, maana chuma cha kranki kinapimika. Kitu unachoweza kukipima unaweza kukinunua popote.

Beringi hazipimiki hivyo. Beringi za konrodi, mafundi wengi wanaziita metali, ni vipande vyembamba kama ganda la korosho vyenye tabaka laini kwa ndani, na kosa lake hulioni kwa macho. Kariakoo nilipewa seti kwenye boksi jeupe limeandikwa "Subaru" kwa herufi ambazo hata mimi ningeweza kuchapa stationari. Nikageuza kimoja nyuma, hakuna muhuri, hakuna saizi, hakuna chochote. Nikarudisha. Yule wa Nairobi alikuwa ananisukumia za ACL, za Australia, zile za mashindano, alisema nichukue zenye HX ambazo zina nafasi kubwa zaidi ya oili kwa watu wanaozungusha injini sana. Nikamsomea fundi ujumbe wake. Fundi akauliza "utazungusha elfu nane wapi, foleni ya Mwenge?" Tukaagiza jenyuini za saizi ya kawaida, zikachukua wiki tatu kutoka Japan.

Zilipofika ndio nikaona kitu ambacho sijawahi kuona gereji yoyote. Kuna uzi wa plastiki laini, mwembamba kama tambi ya kwanza ya mtoto, unakata kipande unakilaza juu ya shingo ya kranki, unafunga konrodi na beringi yake kwa toki kamili, yaani nguvu ya kukaza iliyopangwa, usiizungushe hata kidogo, kisha unafungua. Ule uzi umepondeka. Unachukua kipimo cha karatasi unalinganisha upana wake, ukiwa mpana maana yake nafasi ni ndogo, ukiwa mwembamba nafasi ni kubwa. Sisi tulipata kama sehemu nne za mia za milimita kwenye zote nne. Fundi akafuta uzi na kitambaa, akapaka oili, akafunga moja kwa moja bila kusema neno, ila alianza kupiga mluzi, na mzee yule hapigi mluzi ovyo.

Oili pampu. Hizi pampu za ukoo wa EJ ukiziangalia kwa nje ni mapacha, lakini roti ya ndani kuna za unene wa milimita 10, 11 na 12. Vijana wengi wa Subaru watakuambia weka 12, kubwa ndio nzuri. Sikuweka 12. Pampu inayonyonya nyingi kuliko injini inavyohitaji inarudisha ziada kwa kuizungusha ndani kwa ndani, na mimi sijaongeza turbo wala kitu, nimefuata namba ya kibati changu basi. Ila mpya, katika boksi. Na hata ikiwa mpya, fundi aliifungua ile sahani ya nyuma akatoa skrubu moja moja, akapaka gundi ya kushikia nati, akazikaza tena. Zile skrubu zina tabia ya kulegea zenyewe na zikilegea presha inapotelea ndani ya pampu, huoni kuvuja popote, unaona taa tu. Na unajua taa maana yake nini.

Alafu kuna kile kidude cha kupozea oili, filta inafungwa juu yake, maji yanapita na oili inapita. Mimi nilikuwa nimeshakiosha na petroli nikakipuliza na kompresa kikang'aa. Fundi akakichukua akakitupa kwenye debe la chuma chakavu, hivi hivi, mbele yangu. Beringi ikisagika, ule unga wa chuma unaingia kwenye vijia vyake vya ndani na hautoki kwa petroli wala kwa maombi, unasubiri injini mpya ipate moto ndio unaanza kutoka kidogo kidogo kwenda kwenye beringi mpya. Hii ndio spea ambayo nadhani imeua injini nyingi zilizojengwa vizuri, na haipo kwenye orodha ya mtu yeyote. Turbo pia tulifungua mabomba yake ya oili yote, na boliti zake zenye tundu tukazichungulia moja moja kwenye mwanga.

Taiming. Hapa wota pampu inazungushwa na belti hiyo hiyo kwa mgongo wake, kwa hiyo wota pampu ya bei rahisi ikikwama beringi inaondoka na belti, belti inaondoka na valvu. Ndio maana nasema ikifa inakufa na nani. Kwa seti hii nilikataa kabisa utani. Kariakoo zipo seti nzima kwenye boksi moja zuri lenye plastiki inayong'aa, bei ya mbuzi mmoja, belti na roli zote na tenshona, kile kinachokaza belti. Nilimwomba muuzaji anifungulie. Kwenye roli hakuna jina la beringi. Ukizungusha kwa kidole inazunguka sana, inapiga kelele kavu kama feni, na roli nzuri haifanyi hivyo, ina grisi ndani, inazunguka nzito na kusimama. Niliyoagiza ilikuja na belti ya Mitsuboshi, tenshona imeandikwa NTN, roli zimeandikwa NSK na Koyo, bei yake ni mbuzi watatu na kuku juu. Nililipa huku naumia, sitadanganya.

Na tenshona yenyewe ya oili usiibane kama unabana nyanya. Unaisimamisha wima kwenye jiriwa unaiminya polepole, dakika tatu na zaidi, mpaka tundu zilingane upitishe kipini. Kijana wa gereji alitaka kuiminya kwa pigo moja, fundi akampiga kikumbo. Tena kwa sisi wa gia za mkono kuna vibati vidogo vya kulinda belti isiruke meno gari ikirudi nyuma ikiwa kwenye gia, mafundi wengi wanaviacha nje kwa sababu "gari inatembea tu bila". Cha kwangu cha kwenye kranki hakikuwepo. Tumenunua.

Gasketi ya hedi karibu nipigwe tena. Niliuziwa ya chuma tabaka tabaka, nzuri, jenyuini kabisa, boksi halisi. Fundi akailaza juu ya bloku, matundu ya boliti yote yamekubali, akanyamaza akaita taa. Mdomo wa gasketi ulikuwa mpana kuliko silinda, karibu milimita nne kila upande, kama kofia ya baba kwa mtoto. Ilikuwa ya injini ya lita 2.5, silinda yake ni milimita 99.5, yangu 92. Ingefungika. Ingewaka. Tulirudi nayo dukani, mtaa wa Gerezani, muuzaji akabadilisha bila ubishi, akasema hata yeye hakujua, na namwamini, alikuwa anaangalia tano za mbele.

Pistoni nilibaki nazo za zamani. Najua wengi hapa mtanilaumu, injini imefunguliwa yote, kwa nini usiweke pistoni za kufua (forged), zile ngumu za mashindano, za Manley au Wiseco au CP. Nilitamani, niliota nazo. Lakini zile za aloi ya 2618 zinatanuka sana, zinataka nafasi kubwa, asubuhi ikiwa baridi zinagonga mpaka zipate moto, na zaidi ya hapo mimi sina mtu wa kunipangia upya kompyuta ya gari. Gari hizi Japan zilipangiwa petroli ya oktani 100 (kipimo cha petroli kutolipuka yenyewe ikibanwa), pampu zetu hazifiki huko, na pistoni zinazovunjika kingo za ringi kwa kawaida zimevunjwa na mafuta kulipuka kabla ya wakati. Pistoni ngumu ingenipa ujasiri wa kukanyaga bila kuniongezea oktani hata moja. Silinda zilipimwa, ziko sawa, tukazisugua tu, tukaweka ringi mpya. Ile hela ya pistoni ndio ilinunua tenshona na pampu na kidude cha kupozea oili. Sensa ya noki pia niliweka jenyuini, maana ndiyo inayosikia ule mlipuko na kuiambia kompyuta irudi nyuma, ya bei rahisi inaweza kusikia kelele ambayo haipo au isisikie iliyopo.

Plagi ni NGK PFR6G, na tahadhari tu kwamba za feki zimejaa. Ukiishika ile washa ya chini, ile pete ya chuma, ya kweli imebanwa haitoki kwa vidole, feki nyingi unaizungusha inatoka mkononi. Themostati nayo ni kitu cha bei ya kuku mmoja ambacho mafundi wengi wa huku wanakitoa kabisa, "huku joto bwana", matokeo yake injini haifiki moto wake na kompyuta inamwaga mafuta siku nzima. Nilinunua ya Subaru yenyewe. Hizi za kampuni nyingine nyingi ni ndogo kwa umbo, weka pembeni ulinganishe utaona.

Siku ya kufunga bloku nilikuwepo. Bloku ya hizi injini inagawanyika katikati, nusu mbili zinakumbatia kranki, hakuna gasketi kati yao, ni gundi. Nilipomwona anachukua tyubu moyo ukaruka. Akacheka. Akapaka mstari mwembamba kama wa kalamu, akaupitisha mara moja bila kuinua mkono, akasubiri kidogo, akafunga. Kisha akapitisha pini za pistoni kwenye vile vidirisha vya mbele na nyuma ya bloku, kwa koleo ndefu, kama mtu anayefunga kifungo cha shati la mtu mwingine gizani.

Tukatoa plagi zote, tukapiga stata mpaka taa ya oili ikazima, ndio tukarudisha plagi na kuwasha. Iliwaka mara ya pili. Du-du-du-du. Kijana wa gereji alipiga kelele kama Simba wamefunga.

Baada ya kilomita 50 tukamwaga oili. Fundi akaikata filta kwa msumeno wa chuma, akaichomoa ile karatasi yake, akaitandaza juani juu ya gazeti na kufungua mkunjo mmoja mmoja kwa ncha ya kisu. Kwenye mkunjo wa nne hivi kulikuwa na vichembe vitatu vinang'aa. Akatoa sumaku mfukoni, akaisogeza. Havikusogea. "Alumini," akasema, "hao wanazoeana tu." Akakunja gazeti. Tukakubaliana tuikate tena ikifika elfu moja, na sasa hivi ipo mia nane na sitini.